Albamu inayomezwa na matatu: jibu kwa wawili wa Kakamega

*“Fundi, shikamoo. Sisi ni wawili, tunaishi Kakamega. Mimi napiga gitaa na kinanda. Mwenzangu anapiga besi, na litungu, ile ala ya nyuzi, alilorithi kwa mjomba wake. Tumemaliza albamu yetu ya kwanza: vipande sita, dakika 47, hakuna kuimba. Kila kipande kinaanza kwa utulivu, kinajaa polepole, mwishoni kinafurika. Shida ni kwamba nikisikiliza kwenye matatu ya Kisumu, nusu ya kwanza ni kama haipo, na kwenye spika ya simu besi haisikiki kabisa. Tulimpelekea prodyuza mmoja, akaturudishia toleo lenye sauti kubwa sana, lakini ule mfuriko umepotea, kipande kizima kimekuwa tambarare. Anasema bila hivyo hatutasikika mtandaoni, na kwamba vipande vya dakika tisa havilipi, tuvikate viwe vya dakika tatu. Tena vipande viwili vina mvua kwenye mabati, anataka kuifuta. Tumebakiwa na elfu thelathini. Tufanye nini? Nimeambatanisha kipande cha tatu, toleo letu na lake. (Nimekuwa nikimiksi kwa hedfoni kila usiku na sikio la kushoto linalia, wiki ya tatu sasa, lakini nadhani ni uchovu tu.)”*

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na ulichokificha kwenye mabano. Sikio moja kulia wiki tatu mfululizo si uchovu wa kuachwa upite wenyewe. Huenda ni nta imeziba, huenda ni kelele, huenda ni jambo jingine, na hakuna fundi wa sauti anayeweza kukuambia ni lipi. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo wiki hii, waangalie ndani kwa taa na wakupime usikivu. Mpaka hapo, hedfoni zilale kabatini. Na ikitokea usikivu wa sikio hilo ushuke ghafla, au uanze kuona kizunguzungu, usingoje siku ya kliniki: nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu matibabu ya usikivu uliopotea ghafla yanategemea sana kuwahi.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kile kiungo kilichojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo ambazo sauti huzitikisa. Zikishakufa hazioti tena. Watu wa usalama kazini huhesabu hivi: desibeli 85, saa nane kwa siku. Kila ukiongeza desibeli tatu, muda unakatika nusu. Ukifika 94 umebaki na saa moja, na ukifika 100 ni robo saa. Sasa jione usiku wa manane: unapandisha sauti ili uusikie vizuri ule mwanzo wa litungu, halafu dakika sita baadaye mfuriko unakukuta sauti ikiwa palepale juu. Unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Mara kumi, mara ishirini.

Nimeanza na sikio kwa sababu kinachoweza kuwa kimeliumiza ndicho hicho hicho kinachoifanya albamu imezwe na matatu. Hamna tatizo la sauti ndogo. Mna tatizo la umbali kati ya chini na juu.

Nimepima kipande cha tatu. Kipimo kinachotumika siku hizi kinaitwa LUFS. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Nusu yenu ya kwanza inatembea karibu na −34. Nusu ya pili iko karibu na −12. Tofauti ni desibeli 22. Katika chumba chenye utulivu hiyo ni tofauti tamu sana, nami niliisikiliza saa kumi na moja alfajiri kabla jirani hajawasha redio, nikaipenda. Lakini weka sauti ya simu ili mfuriko ufike sikioni kwa desibeli 80, ambayo tayari inatosha. Mwanzo utafika kwa 58, yaani sauti ya watu wanaozungumza mezani. Kwenye matatu yenye injini, upepo wa dirishani na makanga anayepiga bodi, mazungumzo ya mezani hayasikiki. Kwa hiyo unapandisha sauti hapo Chavakali, na kufika Majengo unapigwa kofi na kipande chako mwenyewe.

Prodyuza wenu hakudanganya. Kasema kweli, ila kweli ya zamani. Kwa miaka mingi, hasa wakati wa CD, aliyekuwa na sauti kubwa zaidi ndiye aliyesikika amependeza, basi kila mtu akawa anasukuma juu. Majukwaa ya sasa yameubana mchezo huo. Spotify, ambayo iliingia Kenya mwaka 2021, katika mpangilio wake wa kawaida husogeza kila wimbo kuelekea −14. Toleo la prodyuza limepima −7. Maana yake likifika huko linashushwa desibeli saba, na vilele alivyovikata ili kufika −7 havirudi. YouTube nayo hushusha kilichozidi, ingawa kilichopungua haikipandishi. Mmeuza mfuriko wenu na pesa hamkupata.

Msishangilie bado, kwa sababu toleo lenu nalo linaumia, na kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Kile kipimo hakihesabu wimbo mzima sawasawa. Kwanza kinatafuta wastani wa nguvu; kisha sehemu yoyote iliyo chini ya wastani huo kwa zaidi ya desibeli kumi inatupwa nje, halafu kinahesabu upya kilichobaki. Nia yake ni njema: ukimya wa katikati ya filamu usiudanganye wastani. Lakini fanya hesabu ya kipande chenu. Wastani wa kwanza unakuja karibu na −15. Mpaka unawekwa −25. Mwanzo wenu uko −34, unatupwa. Namba inayobaki ni −12, jukwaa linaona mmezidi, linawashusha desibeli mbili, na litungu lililokuwa −34 sasa liko −36. Kwa kipimo hiki utulivu wenu hauhesabiwi kabisa. Kadiri mnavyokuza mwisho, ndivyo mnavyouzamisha mwanzo.

Kuna nafuu moja. Mtu akisikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, Spotify huichukua albamu kama kitu kimoja na kuacha tofauti kati ya kipande na kipande kama mlivyoziweka. Lakini ndani ya kipande kimoja hakuna jukwaa litakalowasaidia, hapo kazi ni yenu. Na faili ya WhatsApp, au memori kadi ya dereva, haina wa kuisawazishia chochote.

Ile chombo aliyoitumia prodyuza inaitwa limita. Ichukulie kama dari: sauti ikitaka kupita juu, inasukumwa chini kwa muda mfupi sana, sehemu ya elfu moja ya sekunde hivi. Ukiigusa kidogo haionekani. Ukiisukumia kila kitu juu, kinachokufa kwanza ni mgongano wa mwanzo wa kila noti, ule mkwaruzo wa ukucha kwenye uzi kabla uzi haujaimba. Mimi najua kwa sababu nilishaua kazi ya mtu. Miaka mingi iliyopita nilimrekodi mzee mmoja wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, hapa Kisumu. Mpigaji wa nyatiti huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, na kwa ile pete anagonga ubao wa chombo, ndiyo ngoma yake. Nikapandisha sauti mpaka mita ikawa nyekundu, nikamchezea kwa fahari. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama mguu wake, akasema, “Nyathina (mwanangu), huyu ana nyuzi nane lakini hana mguu.” Pete ilikuwa imelala chini ya dari. Nilirudi nikaanza upya, bila malipo, na ilinistahili.

Kwa hiyo njia yangu ni hii: msiirudishe kazi kwenye limita, irudisheni kwenye miksi, pale mnapopanga sauti ya kila chombo. Lengo si kufuta tofauti, ni kuipunguza kutoka 22 ifike kati ya 12 na 14. Na msimwachie kompresa, kifaa kinachobana sauti kubwa chenyewe, kazi hiyo, kwa sababu kompresa haijui wimbo unakwenda wapi. Fanyeni kwa mkono: chukueni mstari wa sauti wa kila chombo, pandisheni mwanzo kwa desibeli sita au saba, kisha katika zile dakika ambazo kipande kinajaa, nyongeza hiyo ishuke taratibu kiasi kwamba msikilizaji asijue. Mwisho nao ushuke mbili au tatu. Mkimaliza, pimeni tena. Mkijikuta −16 au −17 kwa kipande kizima, hapo ni pazuri, na vilele visivuke −1.

Utaniuliza, mfuriko utabaki na nini kama nimeupunguza? Sikio halipimi ukubwa peke yake, linapima mabadiliko. Wapiga benga wa kwetu walilijua hili bila kompyuta: waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linabaki karibu peke yake na gitaa la besi linatembea chini yake, halafu ndipo mambo yanapamba moto. Nguvu ya pale haikutoka kwenye spika, ilitoka kwenye kile kilichoondolewa sekunde chache kabla. Kipande chenu cha tatu, pale dakika ya tano na nusu, kila kitu kipo tayari: besi, kinanda, magitaa matatu, litungu. Hakuna kilichobaki cha kuingia. Toeni besi kwa mizunguko minne ya mapigo kabla ya mfuriko. Kinanda kibaneni kikae katikati, kisipanuke kushoto na kulia. Kisha fungueni vyote kwa pamoja. Mtasikia kitu kimekua maradufu na mita haijasogea.

Besi ya simu ina maelezo yake. Uzi wa chini kabisa wa besi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haina uwezo wa kusukuma hewa polepole kiasi hicho. Lakini ubongo una ukarimu wake: ukiupa mitetemo ya juu ya noti ile ile, yaani 82, 123, 164 na kuendelea, wenyewe unajaza ile 41 ambayo haipo. Besi ya mwenzako ni safi mno, haina hiyo mitetemo ya juu ya kutosha. Iunguzeni kidogo, sauti yake ikwaruze, kwa pedali au programu ya kukoleza sauti, mpaka muisikie kwenye simu kama kivuli. Mkiongeza besi yenyewe kwa nguvu hamtapata kitu kwenye simu, na mtavuruga kila spika kubwa. Jambo jingine: sauti ikiwa ndogo, sikio lenyewe hupunguza besi. Watafiti Fletcher na Munson walilichora hilo mwaka 1933. Ukimiksi kwa sauti kubwa usiku, asubuhi ukiisikiliza kwa sauti ndogo, besi imekimbia, na si ajabu.

Nije kwenye mvua, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za albamu, na kusema kweli nilikasirika kidogo kusikia inataka kufutwa. Mvua kwenye mabati ni kelele iliyotapakaa kila mahali, kuanzia besi mpaka juu kabisa. Programu ya kuifuta haiwezi kuchomoa mvua na kuliacha litungu. Inachomoa na ule mkia wa noti unaofifia, na litungu bila mkia linakuwa kama kugonga kopo. Tena muziki wa namna yenu una undugu wa zamani na mvua. Mwaka 1975 mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alikuwa kitandani baada ya kugongwa na gari. Rafiki akamwekea sahani ya santuri ya muziki wa kinubi, sauti ikiwa chini mno na upande mmoja wa spika umekufa, nje mvua inanyesha. Hakuwa na nguvu ya kuinuka kuirekebisha. Akalala akisikiliza kinubi kikitokeza na kuzama ndani ya mvua, na kwa maelezo yake mwenyewe pale ndipo alipopata wazo la muziki unaoweza kukaa chumbani kama mwanga unavyokaa.

Ila angalieni, ninyi si watu wa muziki huo tu. Nusu yenu ni muziki huo wa kukaa chumbani, unaomruhusu mtu aendelee na shughuli zake. Nusu nyingine ni ile ambayo mwandishi Simon Reynolds aliipa jina la post-rock mwaka 1994: vyombo vya roki, lakini si kwa kazi ya roki. Hiyo nusu inadai mtu aache anachofanya. Mkiweka mbili hizi katika kipande kimoja, lazima muamue nani mwenyeji. Nikisikiliza cha tatu, mwenyeji ni litungu na mvua, mfuriko ni mgeni anayekuja na kuondoka. Mkiona hivyo nanyi, basi mvua ibaki.

Kuna kasoro moja kwenye mvua yenyewe. Dakika ya pili na sekunde arobaini inakatika ghafla, kama mtu kafunga dirisha. Nadhani mlikata na kuunganisha hapo. Mvua ya Kakamega haina uhaba: subirini ya mchana, rekodini dakika tano za mabati peke yake bila kupiga chochote, kipazasauti kikiwa mahali pale pale, kisha ilazeni chini ya kiungo hicho. Kovu litapotea.

Kuhusu dakika tisa. Hapa prodyuza yuko nusu sahihi. Spotify huhesabu usikilizaji mmoja baada ya sekunde 30, na dakika tisa ni usikilizaji mmoja sawa na dakika mbili. Tena tangu 2024 wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi kumi na miwili haulipwi kitu. Kwa kipimo cha pesa peke yake, vipande virefu vinapoteza. Lakini hata mkivikata vyote, wawili wasiojulikana wenye muziki usio na maneno hawatajenga nyumba kwa hizo senti, na mtakuwa mmeharibu kitu pekee mnachokiuza. Santuri za benga za zamani zilikuwa na shida hii hii: upande mmoja haukutosha, wimbo ukakatwa ukawa sehemu ya kwanza na ya pili, ukageuza sahani. Fanyeni kama wao kwa kipande kimoja tu. Tengenezeni toleo la dakika nne la kile cha tatu, lianzie pale kinapoanza kujaa, litoke peke yake kama mbiu. Albamu ibaki nzima. Mkiona redio moja ya hapa imecheza hata hilo la dakika nne, nitashangaa na kufurahi.

Elfu thelathini msizitumie kununua spika. Msirekodi upya. Sehemu kubwa iende kwenye siku moja ya miksi katika chumba kilichotulizwa, na fundi ambaye hajawahi kusikia kazi hii, ninyi wawili mkiwa mmekaa nyuma yake. Kidogo kibaki cha kumalizia mwisho.

Karatasi zisisahaulike, ingawa najua hamkuniuliza. Andikeni leo nani ana sehemu gani ya kila kipande, mkiwa bado mnapendana. Sajilini KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na huko huko muulize ni vyama vipi vya watunzi na wapigaji vyombo vina leseni mwaka huu. Na mwenzako amuulize mjomba, kama yu hai, ile tuni ya kipande cha tano ni yake au ni ya ukoo. Tuni ya jamii ina sheria yake ya mwaka 2016, na pia ina wazee wake, ambao hawatumi barua kabla ya kufika mlangoni.

Mkija Kisumu, njooni asubuhi, kwa sababu jioni mabati yangu nayo yanaimba. Leteni faili za kila chombo peke yake, biti 24, bila limita yoyote, vilele vikiwa chini ya −6. Leteni na hiyo simu yenye spika mbovu. Nawe uje na karatasi ya kliniki. Bila hiyo mwenzako ndiye atakayekaa kwenye kiti cha katikati, wewe utatupikia chai.